Eti ukitokea nyumbani hujasoma chuo

Juzi mpwa wangu kapata chuo. Grupu la familia likawaka, pongezi, vigelegele vya voisi, shangazi kaandika dua ndefu mpaka ikabidi ubonyeze "soma zaidi", yaani furaha tupu, mpaka pale binti mwenyewe alipoandika kwamba atakuwa anasoma akitokea nyumbani. Kukapoa ghafla. Mjomba mmoja akauliza "kwani hosteli zimejaa?" kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa, halafu binamu yetu, ambaye kamaliza chuo zamani na hajawahi kutuacha tusahau, akatuma voisi: "Mdogo wangu, pambana upate hata chumba cha kubanana karibu na chuo, maana ukitokea home husomi chuo, unakitembelea." Na vikatuni vya kucheka juu.

Nimeandika jibu nikafuta. Nimeandika lingine nikafuta, grupu lina wazee. Sasa nalimwaga hapa.

Mimi chuo nimesoma chote nikitokea nyumbani, kwa hiyo msitegemee niwe katikati. Na hayo maneno nayajua yote: "mtalii", "mwanafunzi wa kutwa", "wewe si unawahi basi". Kuna jinsi mtu wa kwenda na kurudi anajulikana hata kabla hajafungua mdomo, ni begi. Wenzako wanaingia lekcha ya asubuhi na malapa na daftari moja mkononi, kalamu wataazima, wewe umebeba maisha yako yote mgongoni: koti la maabara la kipindi cha jioni, chaja, mwavuli, kitabu cha maktaba ambacho mwisho kurudisha ni leo, sweta la wakati wa kurudi, maana ukishatoka nyumbani umetoka, hakuna "ngoja nipitie rumu mara moja". Kuna jamaa alikuwa kila akiniona ananiuliza nahama lini. Mwanzo nilicheka, semesta ya pili nikaacha.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye hili, maana ndiyo kiini cha hasira zangu. Darasani kwetu kulikuwa na kijana mwingine anatokea kwao, tena mbali kuliko mimi. Ila yeye alikuwa anakuja na gari. Sijawahi hata siku moja kusikia mtu akimwita mtalii. Yeye alikuwa "anapenda utulivu wa kwao". Mimi niliyeshuka kwenye basi shati limekunjamana kama nimelilalia ndiye niliyekosa "maisha ya chuo". Kwenda na kurudi kulekule, kulala nyumbani kulekule, heshima tofauti. Kwa hiyo tusidanganyane, kinachodharauliwa sio kulala nyumbani. Kinachodharauliwa ni sababu iliyokufanya ulale nyumbani, kwamba kodi ya chumba hamna, kwamba kuna mdogo wako anatakiwa apelekwe shule asubuhi, kwamba kuna kibarua cha wikiendi hukiachi ng'o. Ni dharau ya hali ya mtu, imevalishwa nguo za elimu ili ionekane ushauri.

Na wala haijaanza na binamu yangu. Mwaka 1826 London walianzisha chuo kipya ambacho leo kinaitwa University College London. Wakati huo Oxford kama hukukubali imani ya Kanisa la Uingereza hata kusajiliwa husajiliwi, na Cambridge wanakuacha usome ila digrii hupewi. Hawa wa London wakafungua mlango kwa Wayahudi, Wakatoliki, na yeyote yule ambaye wakubwa hawamtaki, na hawakujenga mabweni, kijana anasoma mchana, usiku anarudi kwao mjini. Unadhani walipongezwa? Magazeti ya waheshimiwa yakakibandika jina la "Cockney College", Cockney ndio hao watu wa kawaida wa London wenye lafudhi ya mtaani. Yaani hoja haikuwa wanafundishwa nini, hoja ilikuwa ni watoto wa nani na wanalala wapi. Leo wajukuu wa walewale waliocheka wanapigana vikumbo kupata nafasi pale.

Lakini mfano wangu wa kumfungia mtu mdomo ni City College ya New York. Kilianza 1847, wanafunzi hawakutozwa ada mpaka 1976, na hosteli yake ya kwanza iliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi imefunguliwa 2006. Elfu mbili na sita! Vizazi na vizazi vya watu wanakuja na treni asubuhi kutoka Bronx na Brooklyn, sehemu za jiji hilohilo, jioni treni hiyohiyo. Wengi walikuwa watoto wa wahamiaji, na miaka ya 1920 na 1930 vyuo vikubwa kama Harvard na Columbia vilikuwa vinawapunguza Wayahudi makusudi, kwa hiyo vijana wenye akili kali wakajaa hapo kwenye chuo cha kwenda na kurudi. Jonas Salk, huyo aliyeleta chanjo ya polio mwaka 1955, kamaliza hapo 1934. Colin Powell, kijana wa Bronx aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, kamaliza 1958 na digrii ya jiolojia. Andrew Grove kakimbia Hungaria, kafika Marekani hana kitu, kamaliza hapo 1960 na baadaye kaiongoza Intel, kampuni ya chipu za kompyuta. Washindi wa Nobel waliopita pale ni 10. Watalii hao.

Na kuna kitu kimoja kwenye hicho chuo ambacho nikikifikiria napata wivu kabisa. Kwenye ukumbi wao wa chakula miaka ya 1930 kulikuwa na vijumba vya pembeni, kama vyumba visivyo na mlango, na kila kundi lilikuwa na chake. Kimoja kilikuwa cha wakomunisti wa upande wa Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, cha jirani kilikuwa cha wale wa mrengo wa kushoto wasiomtaka Stalin, na walikuwa wanabishana mchana kutwa, wanatoka kwenye kipindi wanarudi kwenye ubishi pale walipouachia. Daniel Bell, Irving Howe, Nathan Glazer, Irving Kristol, watu ambao baadaye ulikuwa huwezi kuzungumzia fikra za kisiasa za Marekani bila kuwataja, walinolewa kwenye hizo kona. Jioni wakarudi nyumbani kwa mama zao kulala. Sasa niambie, hao walikosa "maisha ya chuo"?

Walikuwa na mahali pa kukaa mchana. Basi. Ni hicho tu.

Maana ukimuuliza mtu anayetokea nyumbani kilichomtesa ni nini, wala hatakwambia usafiri kwanza. Usafiri unazoea, unajifunza kusoma hendauti basi likitikisika, mistari unayopigia chini inakuwa kama mawimbi lakini inasomeka. Kilichonitesa mimi ni ratiba. Una kipindi saa 2 asubuhi, kinachofuata saa 10 jioni. Hapo katikati uende wapi? Wa hosteli anarudi kulala, anafua, anaoga, anarudi kipindini ananukia sabuni. Wewe unaingia maktaba, imejaa, unakaa kwenye ngazi, mlinzi anakwambia ngazi sio pa kukaa, unahamia chini ya mti, jua linazunguka na wewe unazunguka nalo, begi mapajani maana ukiliacha hulikuti. Ikifika saa 10 unaingia lekcha umechoka kama umelima, mwalimu anasema "mbona mmesinzia, jana mlikuwa wapi?" Nilikuwa hapahapa mwalimu, tangu asubuhi, ndiyo tatizo.

Halafu diskasheni. Nani aliamua kwamba akili za binadamu zinafunguka kuanzia saa 2 usiku? Asainmenti ya kundi, watu saba, mchana wote wapo, hakuna anayetaka, ila usiku ukiingia ndio "oya tukutane kimbweta cha nyuma". Mimi saa 2 usiku bado nipo kituoni nagombea mlango wa basi. Kesho yake jina langu limeandikwa la mwisho kwenye kava, na penseli, na mtu ananiambia kwa upole kabisa "tumekuweka tu". Mmeniweka! Na sehemu niliyoandika mimi, niliyoituma saa 9 alasiri kabla hata hamjaanza, ndio kurasa mlizozisifia.

Haya, sasa ngoja niwape chao watu wa upande wa pili, bila kupenda. Ni kweli utafiti upo. Vincent Tinto, msomi wa Marekani, tangu 1975 amesema mwanafunzi anayejifunga na watu wa chuoni na mambo ya chuoni ana nafasi kubwa ya kumaliza kuliko anayebaki pembeni, na watu wengi baada yake wameona wanaoishi kampasi wanabaki kwa wingi kuliko wanaotoka nje. Sikatai. Usiku wa kuamkia mtihani kuwa na mtu mlango wa tatu anayeijua topiki iliyokushinda ni utajiri, na urafiki wa saa 7 usiku siwezi kudai niliupata kwenye basi. Nimekubali, tuendelee. Ila hata huyo Tinto hakusema dawa ni kitanda. Kasema kujumuika. Na anayetokea nyumbani mara nyingi ndiye huyohuyo mwenye kibarua, mwenye mzazi wa kuuguza, mwenye mtoto wake mdogo, sasa akishindwa utasema kashindwa kwa sababu ya umbali wa godoro?

Tena kama mnapenda utafiti, chukueni na huu. Mwaka 2017 mchumi Raj Chetty na wenzake walipekua kumbukumbu za kodi za mamilioni ya Wamarekani waone ni vyuo gani vinachukua vijana kutoka asilimia 20 ya familia zenye kipato cha chini kabisa na kuwafikisha kwenye asilimia 20 ya juu. Ukiacha vyuo vidogo vidogo, kilichotia fora ni Cal State Los Angeles, chuo ambacho wanafunzi wake walio wengi wanakuja na kurudi. Karibu 10 katika kila wanafunzi 100 walifanya safari hiyo nzima kutoka chini mpaka juu. Vyuo vya kifahari, vyenye nyasi za kukanyaga kwa kibali, wastani wao ulikuwa 2 na kidogo. Sio kwamba hawafundishi vizuri, wanafundisha, ila hao watoto wa chini wenyewe hawawachukui wengi. Kwa hiyo kile chuo cha "kutembelea" ndicho kinachobadilisha familia za watu na kile chenye majengo ya picha kinahifadhi waliokwishafika. Nani mtalii hapo?

Kuna na ile ya "kukaa chuo kunakufundisha kujitegemea". Hii huwa inanichekesha mpaka nakaribia kulia. Kujitegemea gani, kwa kodi aliyolipa baba? Mtu anayeamka saa 10 alfajiri, anachota maji, anamwandaa mdogo wake, anasimama ndani ya basi mwendo wote, anasoma, anarudi usiku anamkuta bibi anasubiri dawa, huyo hajakomaa, ila aliyejifunza kufua soksi mwaka wa pili ndio kakomaa. Sawa.

Wala sisemi kila mtu akae kwao. Wapo ambao nyumbani hakusomeki, kelele, ugomvi, chumba kimoja watu sita, hao wakipata chumba karibu na chuo wakimbie bila kugeuka. Wapo mabinti ambao basi la usiku kwao ni hatari kuliko mtihani wowote, na hapo sina utani. Na mpwa wangu mwenyewe akija kuniambia kachoka, nitamsaidia kutafuta chumba, sitamsomea historia ya London.

Ninachotaka kwa vyuo ni vitu vidogo mpaka aibu kuvitaja. Makabati ya kufunga kwa kufuli watu waache mizigo. Chumba chenye viti na soketi ambacho mlinzi hafukuzi mtu. Vipindi vibanwe siku moja viishe, sio kimoja alfajiri kimoja magharibi kana kwamba aliyepanga ratiba anaishi ghorofa ya juu ya darasa, na pengine kweli anaishi. Mwalimu awe na saa za kuonana za mchana.

Na nyie ma-CR, wawakilishi wa madarasa, ninyi ndio nawaweza zaidi maana hamhitaji bajeti ya mtu. Diskasheni saa 8 mchana. Mkisema mchana kuna joto, haya, saa 9. Mkisema saa 9 mnalala, basi lalini, ila jina la mtu aliyeandika kurasa nne likae la kwanza, na liandikwe kwa peni.