Miradi ya mazingira ya wanakijiji: kabla ya kupiga makofi, uliza nani ana uwezo wa kukataa

Ukifuatilia watu wanavyobishana kuhusu miradi ya mazingira vijijini utakuta kambi mbili tu na zote zina kelele. Wa kwanza wanasema waachieni wanakijiji wenyewe, wao ndo wanaujua msitu, wanajua chemchemi iko wapi na nani anakata miti usiku, serikali na mashirika wakae pembeni. Wa pili wanasema hapana bana, kijiji hakina vipimo, hakina hela, hakina mtaalamu, ukiwaachia wenyewe watauza mbao mpaka kichaka cha mwisho, si tunajua cha wote hakina mwenyewe. Mimi naona wote wanabishania kitu cha pembeni. Nikiletewa mradi wowote kwanza nataka kujua kama kijiji kina uwezo wa kusema hatutaki na kikasikilizwa, na mambo yakiharibika hasara inabaki kwa nani.

Hoja ya kambi ya pili ina heshima yake kwenye vitabu, mwanabiolojia wa Marekani Garrett Hardin aliiandika mwaka 1968 akisema malisho ya wote lazima yaishe maana kila mtu ataongeza ng'ombe wake. Mtafiti mwenzake wa Marekani, Elinor Ostrom, akaja kuangalia sehemu mbalimbali za dunia watu wanaishije kweli na misitu, mifereji na bahari zao, akakuta sehemu nyingi watu wamejiwekea sheria, zamu, faini na walinzi na mali imedumu vizazi kwa vizazi, na mwaka 2009 akapewa Nobel ya uchumi. Ila hakusema jamii zote zinaweza, alisema zinaweza pale masharti fulani yapo, mipaka inajulikana, watumiaji ndo wanaotunga kanuni, na serikali inaheshimu kanuni zao. Watu wengi wanamnukuu nusu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Shinyanga, Tanzania. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miaka mingi, mingine kuua mbung'o, mingine kupisha pamba, afu ikaja Operesheni Vijiji watu wakahamishwa wakaacha maeneo waliyokuwa wanayatunza, kufika miaka ya 80 mkoa ulikuwa unaelekea kuwa jangwa na hiyo sio kutia chumvi. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa hela za Norway. Mwanzoni walifanya yale ya kawaida, vitalu vya miche, miti ya kigeni, maelekezo kutoka ofisini. Kilichobadilisha mambo ni pale walipogundua kwamba Wasukuma tayari walikuwa na ngitili, eneo unalolifunga kipindi cha mvua nyasi na miti vikue, afu unalifungua kiangazi kikikaza mifugo ipate chakula. Kwa hiyo kazi ikawa kurudisha kitu ambacho wenyewe wanakijua, kwa kanuni zao, na walinzi wao walikuwa sungusungu wale wale, yaani ulinzi wa jadi wa kijiji. Ngitili zilizokuwa zimebaki kama hekta 600 hivi wakati mradi unaanza zikapita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na utafiti uliofanywa na wizara pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ukakadiria faida ya kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, kuanzia kuni, nyasi za kuezekea, asali, dawa mpaka malisho.

Sasa hapo kambi ya kwanza wanashangilia wanasema unaona! Ndio naona, lakini naona na mengine. HASHI haikuwa ya wanakijiji peke yao, ilikuwa na serikali nyuma yake na mfadhili aliyekaa karibu miaka 18, mpaka 2004, na hakuna kijiji kitakachopata mfadhili mvumilivu namna hiyo siku hizi, wengi wanataka matokeo ndani ya miaka mitatu ili ripoti ipendeze. Pili, ngitili nyingi ni za mtu au kaya, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndo mwenye ngitili kubwa, wakati asiye na ng'ombe alikuwa anachunga mbuzi wake wawili kwenye uwazi ambao sasa umefungwa. Kwenye hesabu ya wastani wa mkoa mtu huyo haonekani kabisa, anamezwa na dola 14 za wenzake.

Haya, twende pwani. Kusini mwa Kenya kwenye ghuba ya Gazi, Kwale, kuna Mikoko Pamoja, vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 vinauza hewa ya kaboni, yaani wanunuzi wa mbali wanalipia kaboni ambayo mikoko inaishika isiende angani. Hela sio nyingi, miaka ya mwanzo ilikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka, na imeenda kwenye maji ya bomba, vitabu vya shule na mambo kama hayo, na wakapanda mvinje ili watu wapate miti ya kujengea bila kurudi kwenye mikoko. Ni mradi mdogo, unaeleweka, na vijiji vinakaa kwenye mkutano kuamua hela iende wapi. Wakosoaji wanasema sio wa jamii kweli kwa sababu bila watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya na chuo kikuu cha Edinburgh Napier hakuna ambaye angepima kaboni iliyoko kwenye matope. Sawa, lakini hiyo kwangu sio dosari, mtaalamu anayepima akaacha uamuzi kwa wenye mikoko ndo mtaalamu tunayemtaka.

Kinachonikera mimi ni kingine na sioni watu wakikisema. Maji na vitabu vya shule ni vitu ambavyo mtu wa mjini anapewa kwa kodi yake, au angalau anadai kwa kodi yake, hakuna anayemwambia akalinde bwawa kwanza. Sasa mwanakijiji alinde mikoko, akamate wakataji, ahudhurie vikao, afu malipo yake ni maji ambayo serikali ilipaswa kuyaleta tangu zamani, na mbaya zaidi diwani akija anasema hawa tayari wana mradi, bajeti tupeleke kwingine. Simlaumu mtu wa Gazi kwa kuchagua maji, ningekuwa yeye ningechagua maji pia. Nalaumu wanaohesabu huo kama ushindi kamili.

Mfano mgumu ni kaskazini mwa Kenya, na hapa tukae kidogo maana ndo sehemu ambayo maneno mazuri na vitendo vinaachana. Northern Rangelands Trust, shirika la uhifadhi, inasimamia mradi mkubwa wa kaboni ya udongo, karibu hekta milioni 1.9, ndani ya hifadhi 14 zinazoitwa za jamii, na wazo lake ni kwamba wafugaji wakichunga kwa mzunguko uliopangwa nyasi zinarudi na udongo unashika kaboni zaidi, kampuni kubwa za nje kama Netflix na Meta zimenunua hewa hiyo. Wanaoutetea wana hoja, hela imeingia hifadhini, kuna walinzi, kuna ada za wanafunzi, na eneo lile lilikuwa na wizi wa mifugo wa bunduki ambao serikali ilishindwa kuudhibiti kwa miaka mingi, sasa ukiwa mama wa Samburu au Isiolo na mtoto wako anasoma kwa hela hiyo huwezi kumsikiliza mtu wa mbali anayekwambia ni ukoloni.

Lakini upande wa pili nao haupuuziki. Survival International, shirika la kutetea haki za jamii za asili, walitoa ripoti 2023 wakiuliza kama wafugaji kweli walielezwa wanauza nini, na wakasema Waborana tayari walikuwa na utaratibu wao wa kupanga malisho chini ya wazee, sasa mradi unasema kabla yetu uchungaji ulikuwa hauna mpangilio ili uweze kudai umeleta mpangilio. Hiyo hoja inauma kwa sababu ni kinyume kabisa cha Shinyanga, kule utaratibu wa wenyeji ndo ulikuwa msingi, huku unatakiwa usionekane ili hesabu ya kaboni ikubali. Afu Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa bila kufuata sheria na bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya jamii ambayo haijasajiliwa chini ya sheria ya ardhi ya jamii ya 2016, maana yake kisheria inashikiliwa na kaunti kwa niaba yao. Sasa mtu ambaye hata hati hana atakataaje? Na huyo huyo asiyeweza kukataa ndo tunasema amekubali.

Linganisha na Wahadzabe wa bonde la Yaeda huku Tanzania. Wao mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja kwa kusaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team (Edward Loure wa shirika hilo alipata tuzo ya mazingira ya Goldman 2016 kwa kazi hiyo ya hati), na mauzo makubwa ya kaboni yakaja wakiwa na kitu mkononi. Sisemi kila kitu Yaeda ni asali, ila mpangilio ulikuwa haki kwanza hela baadaye. Na Kilwa vilevile, vijiji vilitangaza misitu yao chini ya sheria ya misitu ya 2002 ndo vikaanza kuuza mpingo kwa cheti cha FSC, cha kuthibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuumaliza, kilichopatikana 2009. Hata Kilosa ambako wanakijiji waliruhusiwa kuchoma mkaa, ndio mkaa, kwa kugawa msitu vipande vya mita 50 kwa 50 na kukata kwa zamu ili miti ichipue kwenye visiki, iliwezekana kwa sababu msitu ulikuwa wa kijiji kwa karatasi na ushuru ulikuwa unabaki kijijini. Watu wa mazingira wa mjini wakisikia mkaa wanazimia, lakini msitu unaoingiza hela kijijini una walinzi kuliko ule uliowekewa bango tu.

Ila kambi ya pili tusiwafunge mdomo, kuna mambo wana haki kabisa. Kijiji kikifunga msitu wake mchoma mkaa hahami nchi, anaenda kijiji cha jirani ambacho hakina mradi, na hapo wanaofurahi na wanaolia wako kilomita chache tu. Doria ya bure nayo ina mwisho, mwaka wa kwanza vijana wanakwenda kwa moyo, baadaye wanauliza posho iko wapi, na wana haki ya kuuliza maana yule ofisa anayekuja kuwapongeza amelipwa posho ya safari siku hiyo hiyo. Kamati zinakamatwa na watu wale wale watatu wanne wanaojua kuandika. Na wanawake, msitu ukifungwa anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni sio mwenyekiti wa kamati. Hayo hayatibiwi na kusema tu jamii iongoze, maana jamii ni watu na wanazidiana nguvu kama popote.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua nipo na wanakijiji, lakini sio kwa sababu ni wema kuliko wengine. Nipo nao kwa sababu mtaalamu akikosea anahamishiwa mradi mwingine na wao wanabaki na ardhi iliyoharibika, basi aliye na hasara ndo awe na kalamu. Kwa masharti lakini, hati kwanza, walinzi walipwe kama kazi nyingine, na mkataba usomwe kwenye mkutano kwa lugha ambayo bibi wa pale anaielewa, ikiwemo kipengele cha kujitoa, maana mikataba hii ni ya miaka 20, 30, anayesaini leo anamfunga mtoto ambaye hajazaliwa.

Kenya mwaka 2023 ilirekebisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi ikasema miradi ya kaboni ya ardhini ilipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Inasikika vizuri na ni hatua, sibishi. Ila soma vizuri, ni asilimia 40 baada ya kutoa gharama za kuendesha biashara, na anayekokotoa gharama hizo ni mwenye mradi mwenyewe. Kijiji kikipata mhasibu wake anayeweza kufungua hivyo vitabu na kuuliza hii safari ya Nairobi ilikuwa ya nini, hapo ndo nitaanza kuamini kwamba mradi ni wao.