Mwacheni Mfiwa Amuulize Mungu

Kwenye matanga, neno la kwanza kumfikia mfiwa huwa "kazi ya Mungu haina makosa." Linasemwa kwa upendo. Lakini mama aliyemzika mwanawe jana akiambiwa hivyo anafungwa mdomo, maana akilalamika ataonekana anakufuru.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Pargament, na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 2 wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Waliojiona wameachwa na Mungu, au walioutilia shaka upendo wake, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Uchambuzi wao wa mwaka 2004 ukaonyesha kwamba walioathirika zaidi ni wale ambao mvutano huo na Mungu haukuisha, si wale uliowapitia tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito: swali halitoki kwa kukatazwa, linatoka likipata wa kulisikiliza.

Na dini zenyewe zimeruhusu. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila jibu lolote. Mtume Muhammad (s.a.w.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, kinachokatazwa ni kuomboleza kwa kujipiga na kurarua nguo, si kulia.

Kwa hiyo shehe, mchungaji au jirani akifika, aketi kwanza. Aulize, "Siku ya mwisho ilikuwaje?" kisha anyamaze, hata kimya kikirefuka. Mfiwa akisema "Mungu amenionea," asikimbilie aya. Amjibu, "Naona umeumia sana, niambie." Dua ije baadaye, na mfiwa aombwe ruhusa kwanza.

Watoto ndio tunaowakosea zaidi. Mtoto wa miaka 4 au 5 hajaelewa bado kwamba aliyekufa harudi, na maneno anayachukua yalivyo. Ukimwambia "baba amelala," ataogopa kulala. Ukimwambia "Mungu amemchukua kwa kuwa alimpenda," usiku atamng'ang'ania mama yake asije naye akapendwa hivyo. Mwambie kwamba mwili wa baba umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, hatarudi, na kwamba si kosa lake. Habari za peponi ziongezwe juu ya hayo, zisichukue nafasi yake. Atarudia swali lilelile mara nyingi. Mjibuni vilevile nyote nyumbani.

Wageni hutawanyika mapema, na upweke huanza hapo. Msikiti au jumuiya ipange mtu wa kumtembelea mfiwa baada ya arobaini. Mjane wa Kiislamu asiye mjamzito ana eda, yaani muda wa kukaa baada ya kufiwa na mume, ya miezi 4 na siku 10, tena yuko ndani. Majonzi yakizidi miezi 6 na mfiwa bado hawezi kuendesha maisha yake, apelekwe kliniki ya afya ya akili. Akisema anataka kumfuata marehemu, apelekwe siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani. Maombi yaendelee, na dawa alizoandikiwa asiziache bila daktari kusema.