Walibisha Hodi Kuomba Ruhusa ya Kuoana

Mei 2015, siku chache kabla ya kura ya maoni ya Ireland kuhusu ndoa za jinsia moja, afisa wa uchaguzi alikuja kwenye nyumba ya wazee niliyokuwa nikifanya kazi, kaskazini mwa Dublin. Aliongozana na askari polisi mmoja na mkoba wa karatasi za kura. Ireland wana utaratibu huo: mzee asiyeweza kufika kituoni hupelekewa kura alipo. Bibi niliyekuwa namhudumia, mwenye miaka 84, aliamka mapema kuliko siku zote. Aliomba nimvalishe sweta yake ya bluu ya kanisani, akaomba miwani, kisha akaniambia nitoke na nifunge mlango. Nilisimama koridoni kama dakika tatu. Nilipoitwa kuingia, afisa alikuwa anagundisha bahasha na bibi ametazama dirishani.

"Kura ile nimeipiga kwa ajili ya mdogo wangu," akaniambia.

Sikuwahi kusikia kwamba ana mdogo wake. Jioni ile, nikimpaka mafuta miguuni, ndipo aliponisimulia. Mdogo wake wa kiume alivuka bahari kwenda London mwaka 1961, akiwa na miaka 22, na mama yao akawaambia majirani kwamba kijana amepata kazi ya reli. Kazi aliipata kweli. Lakini sababu ya kuondoka ilikuwa nyingine, nyumba nzima iliijua na hakuna aliyeitamka. Huko London aliishi na mwanamume mmoja miaka thelathini na moja. Alipofariki, dada mtu alipata habari kwa barua, wiki mbili baada ya mazishi. Aliyeiandika ni yule mwanamume, na chini ya barua alijitambulisha kuwa ni mtu waliyekuwa wakipanga naye chumba.

Miaka thelathini na moja, na bado alijiita mpangaji mwenzake.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimeishi Ireland tangu 2004, nikapata uraia 2013, kwa hiyo kura ile nilikuwa na haki ya kuipiga na niliipiga. Niliweka Ndiyo. Naandika kwa sababu kila ninapozungumza na ndugu zangu wa Afrika Mashariki naambiwa kwamba mambo haya hushushwa kutoka juu: wafadhili wanaleta pesa, mahakama inaamuru, wananchi wananyamazishwa. Pesa za wafadhili zilikuwepo, sikatai, na mashirika ya kutetea haki yalizitumia. Lakini nilikuwepo na niliona kilichowageuza watu. Kilitokea mlangoni, mtu akiwa amesimama mbele ya jirani yake.

Swali lenyewe lilikuwa sentensi moja ya kuongezwa kwenye katiba, maneno 17 kwa Kiingereza: kwamba watu wawili wanaweza kufunga ndoa kwa mujibu wa sheria bila kubaguliwa kwa jinsia zao. Hiyo ni ndoa ya serikali, ile tunayoiita ya bomani. Hakuna padri, mchungaji wala sheikh aliyelazimishwa kufungisha ndoa asiyoiamini. Tangu sheria ya 2010 wapenzi wa jinsia moja waliweza kusajili uhusiano wao, na upande wa Hapana waliuliza, si inatosha hiyo? Haikutosha. Sheria ya bunge hufutwa na bunge lijalo, ilhali katiba ya Ireland inailinda familia iliyojengwa juu ya ndoa. Ukiwa nje ya ndoa, uko nje ya ulinzi huo. Mpangaji hata akikaa kwenye nyumba nzuri namna gani, anajua siku yoyote anaweza kupewa notisi.

Jioni za mwezi ule wa tano nazikumbuka vizuri. Vikundi vya watu watatu, wanne, vilipita mtaani kwetu mvua ikinyesha, beji vifuani zikisema kwamba huyu anapiga Ndiyo, muulize kwa nini. Walibisha hodi kila nyumba. Kwenye mlango wangu alisimama kijana wa kama miaka 25, koti limelowa, na nyuma yake mwanamke wa makamo. Kijana akaanza kueleza mambo ya katiba. Sauti ikamtetemeka, akasahau alichokuwa anasema, akabaki anakunjakunja vile vipeperushi mkononi. Yule mwanamke akasogea mbele.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Dada yake nimeshamsindikiza kanisani. Naomba na huyu nimwone siku yake."

Hakuongeza neno. Nilipokea kipeperushi, nikawashukuru, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ngazi. Mimi nilipoolewa, posa ililetwa kwa wazazi wangu, mahari ikapokelewa, yakaisha. Hakuna jirani aliyeulizwa anaonaje. Na huyu kijana, mtu mzima, mlipa kodi, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kwenye mvua kuwaomba watu asiowajua wamruhusu kuoa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walimfungia mlango kabla hajamaliza kujitambulisha. Nilisikia kishindo chake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema njia ya Ireland ndiyo bora kwa sababu wananchi wenyewe waliamua. Haki ya wachache haistahili kupelekwa kwa wengi kuombwa kama chumvi ya jirani. Afrika Kusini walipita njia nyingine: Desemba 2005 Mahakama ya Katiba, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, ilisema kuwanyima ndoa watu wa jinsia moja ni kuvunja katiba, ikalipa bunge mwaka mmoja, na Novemba 2006 sheria ikapita. Hakuna aliyesimama mlangoni kwa mtu. Kwangu mimi hiyo ina heshima zaidi. Hata hivyo siwezi kukana nilichokiona kwa macho. Zile hodi ziliwalazimu watu kutazamana usoni, na aliyekwisha kumtazama mtu usoni ni vigumu kurudi kumwita laana.

Wakubwa nao walijitokeza, na hili liliwapa wengine ujasiri. Januari mwaka ule Leo Varadkar, wakati huo waziri wa afya, alisema redioni kwamba yeye ni shoga. Ilikuwa siku anatimiza miaka 36. (Neno hili shoga linaniuma likitumika kama tusi. Bibi yangu na rafiki zake Tanga waliitana hivyo kwa mapenzi, shoga yangu njoo tunywe chai.) Rais mstaafu Mary McAleese, Mkatoliki aliyesomea sheria za kanisa, alizungumza hadharani kama mama mwenye kijana wa namna hiyo. Wiki moja kabla ya kura, Ursula Halligan, mwandishi wa siasa wa televisheni na mtu wa sala, aliandika gazetini kwamba alijificha tangu usichana wake. Siku ya pili yake, chumbani kwa chai pale kazini, watu waliokuwa hawaligusi jambo hili walikuwa wanalizungumza kama habari za dada yao.

Halafu wakaja vijana wenye masanduku. Raia wa Ireland anayeishi nje kwa kawaida haruhusiwi kupiga kura kwa posta, lazima arudi. Walirudi kwa maelfu, kwa ndege na kwa meli kutoka Uingereza, wengine kutoka mabara ya mbali, wakivuta masanduku yao moja kwa moja hadi vituoni. Watoto wa watu waliowahi kuondoka kama yule wa 1961 sasa walikuwa wanarudi kwa sababu ile ile iliyomfukuza yeye.

Matokeo yalitoka Jumamosi, Mei 23. Ndiyo kura 1,201,607, Hapana 734,300. Asilimia 62. Kati ya majimbo 43, ni moja tu lililokataa, Roscommon–South Leitrim, na hata pale ilikuwa chupuchupu. Nchi hii hii mwaka 1995 ilipitisha talaka kwa tofauti ya kura 9,114 tu. Askofu Mkuu wa Dublin, Diarmuid Martin, hakuwalaani waliopiga Ndiyo. Alisema kanisa linapaswa kujitazama upya, maana vijana wale walisomeshwa na shule za kanisa miaka yote ile. Vatikani kulikuwa na kauli kali zaidi, kwamba ni kushindwa kwa ubinadamu. Mimi niliyemwona yule bibi wa kazini na sweta yake ya kanisani, kauli ile ilinichoma.

Siku ile ile, mbele ya kamera, seneta Katherine Zappone alimgeukia mwenzake Ann Louise Gilligan akamwomba amuoe tena. Walikutana Boston miaka ya themanini, wote wakisomea teolojia. Walifunga ndoa Kanada mwaka 2003, wakarudi kuiomba mamlaka ya kodi iwatambue kama wanandoa, wakakataliwa, wakaenda mahakamani, wakashindwa 2006. Ann Louise alifariki 2017. Angalau kwa muda ule mfupi aliokuwa hai, nchi yake ilimtambua kama mke wa mtu.

Wala msidhani hili lilianza 2015. Septemba 1982 kijana aitwaye Declan Flynn alipigwa na genge la vijana katika bustani ya Fairview, Dublin, kwa sababu walimdhania shoga, akafa. Mwaka uliofuata waliomuua wakapewa vifungo vya nje, wakarudi nyumbani siku ile ile. Watu waliandamana kwenda Fairview. Wapo Waairishi wa leo wanaosema pale ndipo walipoanza kuona haya.

Na yupo David Norris, mwalimu wa chuo kikuu, baadaye seneta. Nitasema jambo ambalo wengi wetu hatulijui: alizaliwa Kongo ya Wabelgiji, Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1944. Aliishtaki serikali ili ifute sheria iliyofanya mapenzi ya wanaume kuwa jinai. Mahakama ya juu ya Ireland ilimkatalia 1983, majaji watatu kwa wawili. Akaenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, akashinda 1988, na sheria ikafutwa 1993. Mwanasheria aliyesimama naye, Mary Robinson, alikuja kuwa rais wa nchi.

Sheria aliyoipinga ilikuwa ya Waingereza, ya mwaka 1861 na 1885. Hapa ndipo ninapowaomba ndugu zangu wanisikilize. Vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai ya Kenya, kifungu 154 cha ile ya Tanzania, vimetoka kwenye mikono ile ile ya mkoloni. Waingereza wenyewe walishaziacha zamani, sisi tunazishika kama urithi wa mababu. Na lile neno letu, kwamba haya ni mambo ya Wazungu, Waairishi nao walikuwa nalo: mwaka 1884 gazeti la wazalendo liliwatuhumu maofisa wa Kiingereza wa Dublin Castle, makao ya utawala wao, kwa mapenzi ya wanaume, kana kwamba ni uchafu ulioletwa na mtawala. Miaka 131 baadaye ni kwenye uwanja wa Dublin Castle hiyo hiyo ambapo umati ulilia kwa furaha matokeo yakitangazwa.

Najua tulipo. Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kufuta vifungu vile, na moja ya hoja zake ni Ibara ya 45 ya katiba inayozungumzia ndoa ya mtu na mtu wa jinsia tofauti. Waliopeleka shauri walikuwa hawajaomba ndoa. Waliomba tu wasifungwe. Uganda 2023 ikaongeza mpaka adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Kuongelea ndoa Dar es Salaam au Kampala leo ni kama kuongelea ghorofa ya tatu kwa mtu asiye na paa. Lakini Marekani mwaka 1996 waliounga mkono ndoa hizi walikuwa asilimia 27 kwa hesabu za Gallup, na 2015 wakafika 60. Watu hubadilika, na mara nyingi hubadilika kwa ajili ya mtu wanayemfahamu.

Usiku wa matokeo mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Tanga. "Mwanangu, ndiyo mmefika huko?" Sauti ilikuwa ya huzuni, si ya hasira. Sikubishana naye. Nilimsimulia habari za bibi, za yule kijana wa London na kazi ya reli, za barua iliyochelewa. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kama mjomba wako wa Mombasa," akasema. Kisha akaniuliza lini nitatuma ada ya mtoto.

Mjomba yule nilimwona mara moja tu, nikiwa na miaka sita. Alikuja na halua. Hakulala.

Wiki iliyofuata bibi aliniomba karatasi na kalamu. Macho hayamruhusu kuandika mistari mirefu, kwa hiyo alisema na mimi nikaandika. Barua ilikuwa ya yule mwanamume wa London, kwenye anwani ya zamani. Hatukujua kama bado yu hai. Mstari wa kwanza alinifuta mara tatu, kwa sababu hakujua amwiteje. Mwisho akaniambia niandike: "Shemeji yangu mpendwa."

Nilibandika stempu, nikaipeleka posta kabla ya zamu ya mchana.