Meya wa Mizunguko 45

Gramafoni ya mjomba wangu pale Magomeni imezoea santuri ndogo za dansi la zamani, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Kitufe cha mwendo kimekaa kwenye 45 miaka na miaka mpaka kimeshika kutu.

Hapo ndipo nilipopeleka santuri yangu kubwa ya Ali Farka Touré, ile aliyorekodi na Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, iliyotoka 1994 ikanyakua tuzo ya Grammy. Nilishamjaza mjomba maneno: huyu ni mzee wa Niafunké, Mali, kando ya mto Niger, muziki wake hauna haraka, unafumba macho tu, unasikia jangwa. Mjomba akaagiza kahawa na kashata, akafumba macho kweli.

Sindano ikagusa. Lahaula! Gitaa likatoka mbio, kibuyu kikagongwa kwa pupa, na sauti nzito ya yule mzee ikawa ya mtoto wa chekechea anayedai pipi. Santuri ya mizunguko 33 ukiizungusha kwa 45, wimbo wa dakika sita unakwisha kwa nne na nusu hivi. Nikakirukia kitufe. Hakigeuki ng'o.

"Mjomba, huu si mwendo wake!"

"Hebu kaa chini!" Macho yameshafumbuka, mabega yanatikisika. "Kumbe Mali kuna sebene, unanificha?"

Mkaza mjomba akatoka jikoni na mwiko wake. Watoto wa uani wakaingia. Fundi cherehani wa chumba cha pili akaiacha suruali ya mteja mguu mmoja. Mimi nimeshika jalada, najitahidi kueleza kwamba anayeimba ni mtu mzima, tena 2004 alichaguliwa meya wa Niafunké.

"Kwa sauti hiyo?" mkaza mjomba akauliza. "Kachaguliwa na nani, chekechea?"

Ndipo nikamwomba fundi koleo. Tukakibana kitufe, kikalia kwach! kikahamia 33 wimbo ukiwa katikati. Gitaa likatulia, sauti ikashuka, tamu vilevile nilivyoahidi. Mkaza mjomba kabaki na mwiko hewani. Watoto wakatoka mmoja mmoja.

"Umeme umepungua," fundi akasema.

"Hapana, ndivyo alivyo."

Mjomba akanitazama kwa huzuni. "Huyu bwana yuko hai?"

"Alifariki 2006, mjomba."

"2006 wapi! Sasa hivi tu alikuwa mzima, umemwua wewe na koleo lako."