Contra Yangu Ilikuwa Feki

Kaseti ilikuwa ya manjano, na karatasi iliyobandikwa juu yake ilidai ndani mna gemu 9,999,999. Ukiwasha, orodha inashuka mpaka kidole kinachoka. Contra, ile gemu ya askari na bunduki, ipo namba moja. Ukiendelea kushuka unakutana na jina jingine kabisa, unalifungua kwa hamu, kumbe ni Contra ileile ila safari hii umeanzia kwenye theluji. Ya tatu umeanzia porini kama kawaida, lakini tayari una bunduki ya S. Mimi na binamu yangu tuliwahi kukaa na daftari mchana kutwa tukizichambua. Gemu za kweli mle ndani hazikufika kumi.

Mashine yenyewe ilikuwa nakala ya Famicom, ile ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, imebanwa yote kwenye chipu moja iliyofunikwa na tone la gundi nyeusi. Tuliichomeka kwenye tundu la antena la TV ya chogo ya shangazi, inchi 14, kwa masharti mawili: adapta ikichemka tuzime, na saa mbili usiku ikikaribia tuwaachie watu wazima taarifa ya habari. Shangazi aliamini gemu inakula kioo cha TV. Mtaa mzima uliamini hivyo.

Nayasema haya mapema ili mjue nimesimama wapi. Kila gemu ya zamani ikitengenezwa upya, wanaibuka watu wa kutetea asili. Wahenga nao wametuachia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sawa, lakini asili yangu mimi ilinunuliwa dukani bila boksi, feki tupu, na ndiyo iliyonifundisha kila ninachokijua kuhusu gemu za kupigana. Kwa hiyo sina haki ya kumdai mtu picha zilezile, rangi zilezile. Ninachodai ni kitu kingine: anayeirudia gemu ya zamani ajue kasoro ipi ni mfupa na kasoro ipi ni vumbi. Vumbi apanguse. Mfupa akiutoa, nyama yote inaanguka.

Nianze na Contra hiyohiyo, maana watu wengi hawajui kwamba ile tuliyocheza nyumbani nayo ilikuwa ya kurudiwa. Kampuni ya Konami waliitoa kwanza mwaka 1987 kwenye yale makabati ya kutumbukiza sarafu, kioo chake kimesimama wima kama mlango. Mwaka 1988 ikaletwa kwenye mashine za nyumbani, na mashine ile ya Nintendo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi. Kuihamisha ilivyo isingewezekana. Basi wakaipanga upya: sehemu ya mwisho, ambayo kwenye kabati ilikuwa kipande kimoja mfululizo, wakaikata ikawa steji kadhaa, jumla zikafika nane. Picha zilipungua uzuri. Lakini risasi moja iliendelea kuua, na ukifa S yako inakwenda na maji. Hayo mawili hawakuyagusa, na leo ukiuliza watu Contra ipi ni Contra, karibu wote watakutajia ya nyumbani.

Asiyecheza hawezi kujua S ilikuwa nini. Inarusha risasi tano kwa mpigo, zinatawanyika kama upawa wa mchele umemwagika. Ukiwa nayo unatembea kifua mbele. Ukiipoteza, unarudi kwenye kibunduki cha kwanza cha kudonoa, na bosi yuko mbele yako. Roho tatu (sisi tuliziita roho) zinaisha kabla chai haijapoa. Ndiyo maana ile kodi, yaani mfuatano wa siri wa vitufe, ilikuwa mali: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, halafu Start, mkiwa wawili mnatanguliza Select. Roho thelathini. Iliingia mtaani kwetu na mtoto mmoja aliyekuja likizo, akatuuzia kwa maandazi mawili. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, alipokuwa akiihamishia gemu ya Gradius kwenye Famicom mwaka 1986. Gemu ilikuwa ngumu kiasi kwamba yeye mwenyewe aliyekuwa akiitengeneza hakuweza kuimaliza, akajiwekea njia ya panya, kisha ikabaki humo. Alifariki Februari 2020. Nilimkumbuka kwa maandazi yale.

Turudi kwenye vumbi. Kwenye mashine ile, wahusika na risasi huchorwa kwa vijipicha vidogo, na haiwezi kuonyesha zaidi ya vijipicha nane kwenye mstari mmoja wa kioo. Vikizidi, vingine havionekani, kwa hiyo mafundi walivipokezanisha: mara hiki, mara kile. Ndiyo ile kupepesa mliyokuwa mkiiona maadui wakijaa. Sisi tulidhani ni kaseti chafu, tukaitoa, tukaipuliza mate yote, tukairudisha.

Yacht Club Games walipotengeneza Shovel Knight mwaka 2014, walitaka ionekane kama gemu ya enzi hizo. Ukiitazama utaapa ni ya mwaka 1988. Si kweli hata kidogo. Kioo ni kipana cha TV za leo, kuna rangi chache ambazo mashine ya zamani isingeweza kuzitoa, na hakuna kinachopepesa hata kimoja. Ni ya zamani kama tunavyoikumbuka, kwa sababu kumbukumbu ilishajifutia zile kasoro. Lakini kuruka, kutua, kuhesabu hatua kabla ya shimo, vyote viko palepale. Waliijua tofauti.

Mfano mzuri zaidi kwangu ni gemu ya ngumi za mitaani, Streets of Rage 4 ya mwaka 2020, iliyokuja miaka 26 baada ya ya tatu. Kwenye ya pili kulikuwa na pigo maalumu linalokukata uhai. Matokeo yake watu walilibana kama mtu anavyobana noti ya mwisho, gemu nzima unapiga ngumi zilezile. Wapya hawakuliondoa pigo wala hawakulifanya la bure. Bado linakukata uhai, ila ukimpiga adui baadaye bila wewe kupigwa unaurudisha kidogo kidogo. Ukipigwa katikati, umepoteza. Kwa hiyo kila pigo limekuwa mkopo, na mwenye deni hulazimika kusonga mbele. Mtu aliyefikiri hivyo aliicheza ya zamani mpaka akaijua inapouma. Picha pia wamezichora upya kwa mkono, nzuri sana, lakini picha ningewasamehe hata zingekuwa mbaya.

Na sasa San Andreas. Hapa nitakaa kidogo maana nina kinyongo.

GTA San Andreas ya mwaka 2004, ile gemu ya kuzurura nchi nzima kwa gari, sihitaji kuielezea kwa mtu yeyote aliyewahi kulipia muda kwenye kibanda cha gemu. Daftari la hesabu la mwanafunzi wa wakati ule lilikuwa na ukurasa wa nyuma wenye R1, R2, L1, X, kisha mishale kushoto, chini, kulia, juu, mara mbili: uhai unajaa, na dola 250,000 zinaingia mfukoni. Wengine waliijua kwa vidole tu, ukiwaambia wakutajie hawawezi mpaka washike pedi.

Mashine ya PlayStation 2 haikuwa na nguvu ya kuchora nchi ile yote kwa wakati mmoja. Basi waliotengeneza wakaweka ukungu. Ukiwa kwenye mji wa Los Santos, mbali unaona vumbi la rangi ya chungwa, na kilichoko huko hukijui mpaka uendeshe. Safari ya kwenda mashambani ilikuwa safari kweli, tulikuwa tukiagana. Mwaka 2021 ikatoka ile seti ya gemu tatu zilizotengenezwa upya, na ukungu ukaondolewa, si mashine za sasa zina nguvu? Ukipanda kindege ukatazama chini, nchi nzima unaiona hii hapa, kama mchoro wa nyumba kwenye karatasi. Mlima Chiliad, uliokuwa mwisho wa dunia, umesimama nyuma ya mji kama kichuguu. Hawakuibadilisha ramani hata mtaa mmoja. Walifuta ukungu tu, dunia ikasinyaa.

Kuna kingine kidogo ambacho kwangu kinasema yote. Mle mjini kuna duka la maandazi linaloitwa Tuff Nut, na bango lake ni nati kubwa, nati ya bolti, yenye pembe sita. Huo ndio utani wenyewe: kwa Kiingereza nati ni "nut", na andazi la aina ile ni "doughnut". Kwenye toleo jipya maumbo mengi yalilainishwa kwa kompyuta, pembe zikaonekana ni umaskini wa picha za zamani, nati ikawa duara. Hakuna aliyesimama akajiuliza lile bango ni la nini. Rockstar, wenye gemu hiyo, waliomba radhi mwezi uleule wa Novemba, na matoleo ya zamani ambayo yalikuwa yameondolewa sokoni yakarudishwa kwa wenye kompyuta. Miaka mitatu baadaye, 2024, likaja sasisho la kurudisha mwanga wa zamani, na ukungu nao ukarudi. Sina la kuongeza.

Nisije nikaonekana napinga kila kinachobadilika. Gemu ya kutisha, Resident Evil 2 ya mwaka 1998, ilibadilishwa karibu yote ilipotoka upya mwaka 2019: kamera imehamia begani, namna ya kutembea ni nyingine, na ile milango iliyokuwa ikifunguka polepole gizani ili diski ipate muda wa kusoma haipo tena. Niliilia ile milango, kwa sababu hofu ilikuwa pale. Lakini wakaleta nyayo za lile jitu la kofia, unalisikia linatembea ghorofa ya juu wakati wewe unahesabu risasi nne. Mlango umeondoka, hofu imebaki.

Ndiyo maana sijui niipe ngapi Contra: Operation Galuga. Ilitoka Machi 2024, imetengenezwa na WayForward, walewale waliotupa Contra 4 mwaka 2007, kwa hiyo si wageni. Mikono yao inajua kazi. Kuruka mara mbili kumeongezwa, silaha ukiiokota ya aina ileile mara ya pili inakua, na unaweza kuitoa sadaka silaha nzima kwa nguvu moja kubwa ya mara moja. Hilo la mwisho ni wazo la mtu aliyewahi kufa akiwa na S mkononi: kama itapotea, bora ipotee kwa faida. Tena unachagua mwenyewe, uwe na kipimo cha uhai au ufe kwa risasi moja kama mwanaume. Ninachokosa ni sura. Picha zake zina ule ung'avu wa plastiki, maadui wanafanana na mandhari, na mara mbili nimeuawa na risasi ambayo sikuiona. Kwenye ile feki yangu nilikufa mara elfu, lakini risasi, kidoa cheupe kwenye weusi, niliiona ikija.

Siku nilipoileta nyumbani nilicheza na mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja. Alifika mbali kuliko mimi. Kwa aibu nikamwambia hiyo si Contra, ngoja nikuonyeshe Contra, nikafungua ule mkusanyiko wa Konami wa mwaka 2019 wenye zile za zamani. (Ushauri wa bure: kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe hali ya gemu. TV bapa nyingi hukawia kuonyesha ulichobonyeza. Chogo lilikuwa halina ujinga huo.)

Alikufa porini mara tatu, roho zikaisha.

"Mjomba, kwani hapa hakuna kusevu?"

"Hakuna."

Ipo. Ule mkusanyiko una sehemu ya kusevu popote unapotaka. Nikajifanya siijui.

Sikumpa kodi pia. Ilituchukua siku mbili kufika kwenye maporomoko ya maji, ambako kioo kinapanda kumfuata aliye juu, na wa chini akichelewa anaangukia nje ya picha, amekufa. Yule mtoto akarukaruka juu kama nyani, mimi chini nahangaika na jiwe linalodondoka, kioo kikaniacha. Roho ya kwanza. Akapanda tena. Ya pili. Kwa kosa hilohilo mimi na binamu tuliwahi kukabana mashati mpaka shangazi akachomoa adapta ukutani.

"Mjomba, mbona huruki?"

"Nisubiri, mjomba. Hapa mnapanda pamoja."

Akanisubiri. Tulipanda jiwe kwa jiwe, yeye akinihesabia, mpaka kwa bosi wa juu kule, na bosi akatuua wote wawili.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta peke yake sebuleni, ameshafika kwenye theluji na ana S. Nikashangaa, nikamsifu. Hakunitazama usoni. Pembeni ya kioo niliiona ile menyu ya kusevu ikijifunga.