Sekunde Haijatimia, Mtu Kafukuzwa Kazi

Wanaolalamika kwamba mabosi wa siku hizi wakali kwa wachelewaji, hawajamsikia David Kinnebrook. Bwana huyu alikuwa msaidizi kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, Uingereza, na mwaka 1796 akatimuliwa kwa kuchelewa sehemu nane za kumi za sekunde. Chukua sekunde, ikate kumi, toa mbili, hizo zilizobaki ndizo kosa lake. Hapo hata chafya hujaimaliza.

Na usidhani alichelewa kufika kazini. Alikuwa akiishi hapo hapo! Alichelewa kuiona nyota.

Mimi natunza stoo kwenye kampuni nisiyoitaja, maana mtoto bado anasoma. Mlangoni wameweka mashine ya kubonyeza kidole. Ikigonga saa mbili kamili, atakayefuata anaandikwa kwa wino mwekundu na mwisho wa mwezi anakatwa. Sasa hiyo mashine iko mbele ya simu yangu, simu yangu iko nyuma ya redio ya mlinzi, na saa ya ukutani kwa bosi imeganda tangu betri ife, hakuna anayethubutu kumwambia. Nikauliza saa ya kweli ni ipi. Dada wa utumishi akanijibu, "Ile inayokukata, kaka."

Ndipo nikaanza kufuatilia hizi saa zinatoka wapi. Si tunaambiwa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya Greenwich? Basi nikasema niwafuate wenyewe.

Jamani, penyewe palianza kwa ubahili mtupu. Mwaka 1675 Mfalme Charles wa Pili anataka kituo ili mabaharia wake wasipotee baharini, lakini hela hana. Ikabidi iuzwe baruti iliyoharibika ndipo jengo lisimame. Kubana matumizi zaidi, wakajenga juu ya msingi wa ngome ya zamani. Matokeo yake ule ukumbi mzuri wa pembe nane haukukaa sawa na kaskazini, na kupima nyota kunataka mstari wa kaskazini na kusini! John Flamsteed, Mwanafalaki wa kwanza wa Mfalme, yaani mtaalamu wake wa nyota, vipimo vyake vya maana akaenda kuvifanyia kwenye kibanda uani, ukumbi ukabaki wa kuwafurahisha wageni. Mshahara wake pauni 100 kwa mwaka, vyombo ajitafutie mwenyewe.

Saa alipewa na mfadhili, Jonas Moore. Mbili, kazi ya fundi Thomas Tompion, pendulamu zake futi 13, kila mbembeo sekunde mbili, na ukizijaza leo zinakwenda mwaka mzima. Hiyo ni kwenye makaratasi. Zenyewe ziligoma mara kwa mara, na mzee wa watu anahangaika nazo huku amebebeshwa kazi ya kuthibitisha kwamba dunia inazunguka kwa mwendo mmoja bila kulegalega.

Alipofariki mwaka 1719, mkewe Margaret akasema vyombo hivi kanunua mume wangu, saa hizi kapewa mume wangu. Akasomba vyote. Edmond Halley anakuja kushika madaraka, anakuta kuta. Mama yule nampa heko. Mimi nikifa, ile ngazi ya stoo niliyoinunua kwa hela yangu irudi nyumbani.

Sasa turudi kwa Kinnebrook, maana ndiye anayeniuma. Saa ya kituo ilikuwa ikisahihishwa kwa nyota, na kazi ya kijana ni hii: darubini imefungwa, inapanda na kushuka tu, kushoto wala kulia haiendi. Ndani yake zimetandwa nyuzi tano. Unatupa jicho kwenye saa, unaishika sekunde kichwani, unainamia darubini, na kuanzia hapo unahesabu kwa sikio: tik, tik, tik. Tik hii nyota iko upande huu wa uzi, tik inayofuata imeshavuka. Wewe sasa, gizani, baridi ya Uingereza imekukaa shingoni, ukadirie ni katika sehemu ya ngapi ya kumi kati ya tik mbili ndipo uzi ulipoguswa. Bado nyuzi nne.

Kuanzia Agosti 1795 namba zake zikawa nyuma ya za bosi wake, Nevil Maskelyne, kwa nusu sekunde. Akaonywa. Mwaka mpya zikawa nane za kumi. Maskelyne akamwandikia sifa kwamba ni mchapakazi na msaidizi wa manufaa, kisha akamtoa. Sifa za namna hiyo nazijua, hupewa mtu akiwa ameshashika mfuko wake mlangoni.

Miaka ikapita, akatokea Mjerumani mmoja wa Königsberg, Friedrich Bessel, akayasoma mambo haya na kushtuka. Badala ya kumlaumu marehemu, akajipima yeye mwenyewe na wanafalaki wenzake, nyota zile zile. Wakapishana! Na mmoja wao walipishana zaidi ya sekunde nzima, na wote ni mabingwa, hakuna mzembe. Kumbe kila mtu ana kuchelewa kwake kati ya jicho na sikio, na dawa yake ni kukupima, kuijua tofauti yako na kuiingiza kwenye hesabu. Wakaiita mlinganyo binafsi.

Sasa niambieni, nani alisema Maskelyne ndiye sahihi? Alilinganishwa na nani? Huenda kijana alikuwa sawa na bosi ndiye aliyekuwa akiziona nyota kabla hazijafika. Lakini bosi hawahi wala hachelewi, ninyi ndio mnachelewa.

Msaidizi aliyetumia akili ni John Belville, wa kituo hicho hicho. Kuanzia 1836 aliisawazisha saa yake ya mfukoni na ya kituo, akaizungusha mjini London kwa mafundi na wafanyabiashara, wanaitazama na kulipa. Binti yake Ruth akaiendeleza biashara mpaka 1940. Wanauza saa ngapi sasa hivi! Hapa kwetu ukimuuliza mtu saa ngapi anakujibu bure, tena uongo.

Nami nimewaandikia utumishi barua: naomba nipimwe mlinganyo wangu binafsi, tofauti iongezwe kwenye ile mashine, na bosi apimwe kwanza. Nimeipeleka mkono kwa mkono. Dada kaigonga mhuri, kaandika juu yake kwa wino mwekundu: imepokelewa nje ya muda.