Shukrani za Aprili 2 Haziwafikii Wanaokaa Mkekani

Kila Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, orodha ya shukrani ni ileile. Anashukuriwa mgeni rasmi, anashukuriwa daktari, wanashukuriwa wafadhili, kisha wazazi kwa uvumilivu wao. Yule dada anayewafundisha watoto wenye usonji kituoni kila siku, aliyesimama nyuma ya viti akimshika mtoto anayetaka kuzikimbia kelele za spika, hatajwi. Na kuna kauli inayoudhi kuliko kutotajwa huko: "Hawa si wanacheza tu na watoto?"

Huku kwetu, Mbeya hadi Iringa, ana majina mengi: mwalimu msaidizi, mhudumu, madamu, ticha. Mtaalamu humpima mtoto, huandika mpango wa kumfundisha, hupita kukagua. Mikono inayoutekeleza mpango huo siku nzima ni ya mhudumu. Marekani kazi hii ina cheti chake tangu 2014: mafunzo ya saa 40, kupimwa kwa vitendo, mtihani, kisha kusimamiwa angalau asilimia 5 ya saa zake za kazi kila mwezi. Hapa wengi hujifunzia kazini, kwa kumwangalia aliyetangulia.

Sasa tuutazame huo mchezo wenyewe. Chukua jambo moja tu, kunawa mikono. Mpango ulioletwa unasema "fungua bomba", na nyumbani kwa mtoto kuna kibuyu chirizi. Basi mhudumu anaandika hatua upya: kukanyaga kijiti, kulowesha viganja, kuachia kijiti, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua migongo ya mikono, kuachia sabuni, kukanyaga tena, kusuuza, kujifuta. Hatua 10. Mara nyingi huanza na ile ya mwisho: anamsaidia mtoto hatua 9, ya 10 anamwachia aimalize mwenyewe, na papo hapo mtoto anapata sifa na kitu anachokipenda. Akiimudu, wanarudi nyuma hatua moja.

Msaada nao una ngazi zake. Kwanza mkono juu ya mkono, halafu kugusa kifundo cha mkono, halafu kiwiko, halafu kuonyesha kwa kidole, halafu kusubiri. Kusubiri ndiko kugumu kuliko vyote. Ni sekunde 3 hadi 5 za kimya, bila kurudia agizo, bila hata kuitupia sabuni jicho, maana mtoto atayafuata macho yako badala ya kufikiria hatua. Mhudumu asiyefundishwa hurudia "nawa, nawa, nawa", na mtoto anajifunza kwamba agizo la kwanza si la kutiiwa. Akiwahi kusaidia kila mara, mtoto atanyoosha mkono na kungoja ushikwe. Hapo amejifunza kungoja. Kumtoa kwenye zoea hilo ni kazi ngumu kuliko kumfundisha tangu mwanzo.

Yote hayo anayafanya huku kalamu iko mkononi. Kila jaribio linaandikwa: amefanya mwenyewe, ameonyeshwa, ameshikwa. Mtaalamu akija ataamua kwa karatasi hiyo. Ikijazwa jioni kwa kukisia, mpango wa mtoto utabadilishwa kwa kufuata jambo ambalo halikutokea. Ndiyo maana kumpa mhudumu mmoja watoto watano na kumtaka aandike vizuri ni kumwonea, na ni kuwaonea watoto wote watano.

Hata zawadi ina ufundi. Kipande cha ndizi kiwe kidogo kama ukucha wa kidole gumba, la sivyo mtoto ameshiba kabla ya jaribio la sita. Vitu viwili vinawekwa mbele yake achague, na inabidi kurudia hivyo kila asubuhi, kwa sababu karanga alizozililia jana leo anazisukuma kando.

Lakini ustadi wa mhudumu huonekana zaidi mtoto anapolipuka. Kuanzia Novemba mvua za huku zikipiga bati, darasa zima hugeuka ngoma. Mtoto anayeumizwa na sauti huziba masikio, hujipiga kichwa, huuma. Julai inakuja baridi na sweta la sufu linalomwasha shingoni. Mtoto huyohuyo anaweza kupiga kelele ileile kwa sababu tu hataki kazi iliyo mbele yake. Sauti ni moja, ila majibu yanapingana. Kama anakimbia kazi nawe ukaiondoa, umemfundisha kwamba kelele inafungua mlango. Kama anaumizwa na bati nawe ukashikilia amalize, umemtesa. Mhudumu ana sekunde chache za kutofautisha, na kinachomsaidia ni kumbukumbu aliyoiandika siku zilizopita: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Kazi ikiwa ndiyo chanzo, anamfundisha mtoto kutoa kadi ya kuomba kupumzika, na mwanzoni anaiheshimu kadi hiyo kila inapotolewa, hata ikitolewa mara kumi kwa asubuhi moja. Sauti ikiwa ndiyo chanzo, anamtoa pale na kumpa kitu cha kuziba masikio. Mjadala wa kazi unasubiri mvua ikatike.

Halafu kuna kipindi kinachowavunjia wahudumu heshima bila kosa lao. Tabia iliyozoea kulipwa ikikosa malipo, kwanza huzidi. Mtoto aliyekuwa akipewa simu kwa kujigaragaza atajigaragaza zaidi siku za mwanzo. Bibi akimwonea huruma na kumpa simu siku ya nne, mtoto amejifunza kwamba akizidisha atapata, na tabia inaota mizizi. Kisha simu inapigwa kituoni: "Mmemharibu mtoto." Anayeitwa kujibu ni mhudumu, mbele ya watu.

Na mhudumu hung'atwa kwelikweli. Anayejua kazi hauvuti mkono uliong'atwa, kwa kuwa kuvuta ndiko kunakochana ngozi. Anausogeza kidogo kuelekea mdomoni mpaka taya zilegee. Anavua hereni, hafungi mtandio shingoni, anakata kucha zake fupi ili asimkwaruze mtoto. Baada ya hapo lazima atulie, sauti yake isipande, kwa sababu kelele yake inaweza kuwa ndiyo zawadi mtoto aliyokuwa akiitafuta. Mtu anayeweza kufanya hivyo huku mkono unamuuma anastahili mapumziko ya dakika 10 na mwenzake wa kumpokea. Vituo vingapi vinalipanga hilo kwenye ratiba?

Wapo watu wazima wenye usonji wanaosema tiba hii ya kufundisha kwa hatua na zawadi iliwaumiza utotoni: walilazimishwa kutazama watu machoni, walizuiwa kupungapunga mikono kwa kujituliza. Sipendi kulikubali hili katika makala ya shukrani, lakini wana haki. Mhudumu mzuri hamlazimishi mtoto amtazame, wala haondoi mpungo wa mikono usiomdhuru mtu. Na anayechapa watoto aondoke kazini leo. Simwombei.

Kanga na keki wanazopewa wahudumu Desemba ni jambo jema. Kinachowabakiza kazini ni mshahara unaofika kwa tarehe, msimamizi anayekaa nao mkekani badala ya kuchungulia mlangoni, na sauti yao kusikika mpango unapobadilishwa. Mhudumu mpya huanza kwa kukaa tu na mtoto, kucheza anachokipenda bila kumtaka afanye lolote, hadi mtoto amkubali. Kwa mtoto mwingine hiyo ni wiki nzima au zaidi. Kila mhudumu anayeondoka kwa kuchoka anaondoka na imani hiyo, na mtoto anaanza upya na mgeni.

Wewe mzazi unayempitia mtoto mchana, usiishie kuuliza "Leo amesumbua?" Muulize mhudumu: "Leo amefanya hatua ngapi mwenyewe, na nyumbani nimsaidie kwa mkono au kwa kidole?" Kisha msikilize mpaka amalize, hata kama bajaji inakungoja nje.